Skardu Hadi Leh kwa Ndege

Rozi Ali alifanya kazi ya kupakia na kupakua mizigo katika uwanja wa ndege wa Skardu tangu ndevu zake zikiwa nyeusi mpaka zikawa nyeupe, na miaka yote hiyo hakupanda ndege hata siku moja. Nilifanya kazi naye. Kila sanduku zito aliloshika yeye upande mmoja, mimi nilishika upande wa pili, na mtu unayebeba naye unamjua kuliko ndugu yako wa tumbo moja. Unajua siku mgongo unamsumbua, unajua siku kagombana na mkewe, unajua siku mikono inabeba lakini mwenyewe hayupo.

Kwetu ndege ya Islamabad huja ikipenda. Anga likiwa safi, ni saa moja tu, na abiria anashuka bado ana ladha ya chai ya mjini mdomoni. Mawingu yakishuka juu ya mto, haiji, na hapo ndipo mtu anapoikumbuka barabara: mchana kutwa na usiku kucha kando ya Indus, mlima kichwani na maji miguuni, na kila mwaka mto huchukua gari na waliomo. Wageni walipokwama walitugeuzia hasira sisi wabebaji, kana kwamba mawingu ni mizigo tuliyosahau kuiondoa. Rozi aliwaletea viti.

Yeye hakuwa mtu wa Skardu. Alizaliwa Gonyul, kijiji kidogo katika bonde la Shyok, mbele ya Khaplu kuelekea mashariki. Baba yake alifukiwa na maporomoko ya theluji akiwa malishoni, akaacha mke, Bi Rahima, na wana wawili: Rozi, na mdogo wake Shukur aliyekuwa bado hajaota jino la pili. Rozi akawa baba wa nyumba kabla hajabalehe.

Mwaka 1971, vuli ilipokuwa inakwisha, akiwa kijana wa miaka kama ishirini, alishuka Skardu kutafuta kibarua cha majira ya baridi. Si yeye peke yake. Vijana wa bonde lile walifanya hivyo kila mwaka, wakarudi barafu ikianza kulegea, na chai, chumvi na kitambaa cha mama mgongoni. Bi Rahima alimfungia unga wa shayiri na aprikoti kavu, akamsindikiza mpaka kwenye daraja la mbao. Hawakuagana kwa maneno mengi. Mtu anayekwenda kibaruani haagwi kama anayekwenda kufa.

Desemba vita kati ya nchi yetu, Pakistani, na India vikazuka. Vilidumu wiki mbili tu, na wengi wetu tulivisikia redioni. Vilipokwisha, Gonyul na vijiji vya jirani vilikuwa upande wa India. Hakuna mtu aliyehama huko. Mpaka ndio uliohama: ulipita juu ya mapaa yao usiku, wakaamka raia wa nchi nyingine, na kuku wao, na ng'ombe wao, na makaburi yao.

Rozi aliposikia, alitembea. Alipita Khaplu, akaendelea kwenye theluji hadi kituo cha mwisho cha wanajeshi, mahali ambapo mto unapinda. Nyuma ya kona ile, mwendo wa nusu siku, ndiko kwao. Askari aliyemzuia alikuwa Mpunjabi aliyevaa koti kubwa kuliko yeye, midomo imepasuka kwa baridi.

"Kule sasa si kwetu, kijana."

"Mama yangu yuko kule."

"Mama za wengi wako kule. Rudi, usije ukakanyaga bomu ukamwachia matanga juu ya matanga."

Alikaa hapo siku kadhaa, akilala katika zizi la mbuzi, akitumaini kwamba wakubwa watasawazisha mambo. Hayakusawazishwa. Akarudi Skardu, akapata kazi uwanjani, na kazi ya majira moja ya baridi ikawa ya umri mzima. Alimwoa Kaniz, binti wa mwoka mikate wa pale mjini, wakazaa mabinti wawili na mvulana mmoja. Alikuwa mume mwema na baba asiyepiga. Ila jioni za kiangazi alikaa juu ya dari ambako watu huanika aprikoti, akatazama mashariki, na Kaniz akajifunza kutomwita mpaka ateremke mwenyewe.

Kwa miaka mingi alijizoeza kudhani kwamba kwao ni mbali sana. Aliyemtoa katika dhana hiyo ni rubani mmoja, mtu wa Multan, mcheshi, ambaye ndege yake iliharibika ikabidi ashinde nasi uwanjani. Tulimpa chai ya chumvi na siagi, akainywa huku amekunja uso kama mtoto anayenyweshwa dawa. Rozi akamuuliza swali ambalo sikujua kama alilibeba moyoni: kutoka hapa hadi Leh, ule mji mkubwa wa upande wa pili wenye uwanja wa ndege kama wetu, ndege ingechukua muda gani?

Rubani akatazama milima, akapima kichwani. "Leh? Nusu saa. Pengine haifiki. Ukitia sukari kwenye chai pale unapopaa, unatua bado hujaikoroga."

"Na Gonyul?"

"Sijui Gonyul."

"Kijiji cha Shyok. Kiko katikati ya njia."

"Basi hata sukari usitie."

Rozi akasema, kwa utani lakini si utani, "Basi nipeleke, bwana mkubwa. Nitakupakilia mizigo bure mpaka nife."

Rubani alicheka. "Nikikupeleka, mzee, watatupokea kwa makombora kabla hatujafunga mikanda."

Nasi tukacheka. Siku ile Rozi alibeba mizigo huku mwenyewe hayupo. Aliniambia baadaye kwamba afadhali asingeuliza. Alipodhani ni mbali, aliweza kuvumilia kama mtu anavyovumilia bahari.

Habari za mama zilimfikia kwa njia ya Makka. Watu wa huko na watu wa huku hawakuruhusiwa kuvuka bonde lao wenyewe, lakini mahujaji wa pande zote walikutana Arabuni, wakatafutana kwa lugha yetu ya Kibalti katikati ya umati. Mwaka mmoja hujaji wa Khaplu alirudi na kaseti. Bi Rahima alikuwa amerekodiwa na jirani yake. Tuliisikiliza nyumbani kwa Rozi, mlango umefungwa. Mwanzoni alisoma salamu. Kisha akaeleza kwamba mwaprikoti wa karibu na kisima umekauka, kwamba Shukur ameoa, kwamba ng'ombe mweusi amekufa. Kisha akasita, tukasikia anapumua, na ghafla akauliza, "Mbona husemi, Rozi? Mimi nazungumza tu peke yangu. Na wewe sema basi." Sauti ya mwanamume ikamnong'oneza kwamba mashine haijibu, Mama. Akasema, "Si mashine ninayezungumza naye." Kaseti ikaishia hapo.

Rozi aliomba viza mara mbili akanyimwa bila kuelezwa sababu. Mambo yalibadilika binti wa Shukur, aitwaye Nargis, alipokwenda Delhi kusomea uuguzi. Kutoka Leh simu za kuja kwetu zilikuwa hazishikiki, lakini Delhi zilishika. Msichana huyu alitafuta namba ya uwanja wetu, akapiga, akasema kwa Kibalti chenye lafudhi ya kule, "Naomba kuongea na baba mkubwa." Rozi alipokea akiwa bado na kamba ya mizigo begani. Hakuwa amewahi kuitwa baba mkubwa na mtu wa damu yake.

Nargis ndiye aliyezunguka maofisini upande wake, akapata mdhamini, na mara ya tatu viza ikatoka. Lakini ilitoka ya Delhi tu. Leh hapana, bonde la Shyok ndiyo kabisa hapana. Ni maeneo ya jeshi. Ikabidi mama ndiye amfuate mwanawe. Bi Rahima, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya malishoni, angesafirishwa kwa gari kuvuka njia ya juu ya theluji hadi Leh, kisha apande ndege saa moja na ushee hadi Delhi. Na Rozi angeshuka kusini hadi Islamabad, Lahore, kisha basi la kuvuka mpaka. Watu wawili ambao nyumba zao zilikuwa karibu hivyo wangezunguka nchi mbili, kila mmoja akimpa mwenzake kisogo, ili waonane.

Kampuni ilimpa Rozi kiti cha bure kwenye ndege kwa ajili ya utumishi wake. Akanunua viatu. Kaniz akamtilia kwenye begi lozi na shali ya sufu ya mama mkwe asiyemjua. Mawingu yakashuka. Siku tatu mfululizo alikuja uwanjani amevaa nguo za safari, akakaa kwenye kile kile kiti alichozoea kuwaletea wengine, na sisi wenzake hatukujua tuweke wapi macho. Basi la Lahore lilikuwa na siku yake na halingengoja. Siku ya nne akapanda gari la barabarani. Ilikuwa Juni.

Yaliyofuata sikuyaona, alinihadithia yeye, kidogo kidogo, katika misimu kadhaa, na mengine Nargis alimwambia Kaniz kwa simu.

Alifika Delhi wakati watu wa Delhi wenyewe walikuwa wanaanguka njiani kwa joto. Nargis alikuwa amewapangishia chumba kimoja ghorofa ya tatu, mtaa wa Waislamu, chenye pangaboi lililozunguka umeme ulipopenda. Asubuhi iliyofuata walikwenda uwanja wa ndege kumpokea mama. Rozi alisimama kwenye vyuma vya kuzuia watu, akiangalia kila mwanamke aliyetoka. Alikuwa anamtafuta mama aliyemwacha darajani, mwenye mgongo ulionyooka na mikono ya kukamua. Alitoka Shukur, mzee mwenye uso wa Rozi mwenyewe kama vile kioo kinatembea, akisukuma kiti cha magurudumu. Kitini palikuwa na kikongwe mdogo, amevaa kofia ya sufu nyeusi katika joto lile.

Rozi akapiga magoti. Bi Rahima akamtazama muda mrefu, akamgusa ndevu, akamgeukia Shukur akasema kwa hasira, "Baba yako umemtoa wapi? Si alifukiwa?"

Wakamweleza. Hakukubali. Akasema mwanawe Rozi ana nywele nyeusi na hana tumbo, na huyu ni mume wake, na kama kweli hakufa basi ana maneno mengi ya kujibu. Ndani ya teksi alimgombeza mpaka nyumbani: kuhusu paa lililovuja, kuhusu deni la mbuzi, kuhusu kulea watoto peke yake. Rozi akayapokea yote kwa niaba ya baba yake. Aliniambia, "Nilimwomba msamaha, Musa. Ningefanyaje? Na marehemu naye labda alikuwa na haja ya kuombewa."

Siku mbili zilipita hivyo. Bi Rahima hakutaka maji ya Delhi. Alisema yana ladha ya bomba. Hakutaka wali. Alikula shayiri yake aliyokuja nayo ndani ya mfuko wa ngozi, akanywa chai yenye chumvi aliyopikiwa na Nargis, na hakukubali kuvua kofia mbele ya mwanamume ambaye hajawa na hakika naye.

Siku ya tatu, umeme umekatika, wote wamelala sakafuni wakijipepea kwa gazeti, akasema ghafla kwamba kama kweli huyu ni Rozi basi awaite ng'ombe. Kila mchungaji wa Gonyul alikuwa na mlio wake wa kuwateremsha wanyama kutoka malishoni, na mama aliujua mlio wa kila mtu bondeni. Rozi hakuutoa mlio ule tangu ujana. Aliketi, akaweka vidole mdomoni, mara ya kwanza ikatoka hewa tupu. Mara ya pili ukatoka, mrefu, unapanda kisha unavunjika mwishoni. Majirani wakafungua madirisha. Mtu wa ghorofa ya chini akatukana.

Bi Rahima akavua kofia. Nywele zake zilikuwa chache, nyeupe, zimesukwa mkia mmoja mwembamba. Akasema, "Umechelewa, Rozi. Theluji imeyeyuka mara ngapi?"

Siku zilizobaki walizungumza mpaka sauti zikakauka. Shukur na Nargis walitoka nje makusudi ili wawaachie nafasi. Mama alitaka kumjua Kaniz, alitaka kujua nani alimkata kitovu kila mjukuu. Akavaa ile shali ya sufu, wala hakuna aliyethubutu kumvua. Jioni moja akauliza kitu ambacho Rozi alikuwa anakiogopa.

"Kutoka kwako hadi kwangu, kwa hiki chombo nilichopanda, ni muda gani?"

"Nusu saa, Mama. Haifiki."

"Na kwa nini basi umeniita huku kwenye tanuri?"

Rozi alianza kumweleza habari za serikali, mama akainua mkono kumnyamazisha, akasema hakuuliza habari za serikali. Akajilaza akatazama ukuta.

Kesho yake hakuamka vizuri. Ngozi ilikuwa ya moto na kavu kama jiwe la kuokea, akawa anawaita watu waliokwisha kufa. Nargis, ambaye alikuwa anajifunza mambo hayo hayo darasani, alimmwagia maji na kulia. Hospitalini wakamtundikia dripu kwenye ukumbi ambapo vitanda vilikuwa na wagonjwa wawili wawili. Daktari akasema mwili uliozoea baridi ya milima umri wote usingepaswa kuletwa Delhi mwezi wa Juni. Alisema kweli, na alisema kwa upole, lakini maneno yale Rozi aliyabeba mpaka kaburini. Bi Rahima alifariki alasiri, mkono wake mmoja kwa Shukur, mwingine kwa Rozi.

Alikuwa ameusia azikwe kando ya mumewe. Nargis alipata nafasi kwenye ndege ya asubuhi ya Leh, ya jeneza na ya Shukur. Rozi alikwenda kwenye ofisi ya polisi wanaosajili wageni, akasimama kwenye foleni na viza yake mkononi, akaomba ruhusa ya siku tatu tu: akamzike mama yake, arudi. Karani aliyemhudumia hakuwa mtu mbaya. Alisimama kumpa pole. Akamwambia maombi ya namna hiyo hupanda wizarani, na huchukua wiki kadhaa, na kwa bonde lile hajawahi kuona yakikubaliwa.

"Mzee, nikikudanganya nitakuwa nimekuongezea msiba," alisema. "Hapa Delhi unaweza kumswalia. Zaidi ya hapo sina."

Walimwosha, wakamswalia katika msikiti wa mtaani. Kisha ndugu wawili wakakaa chumbani, kofia nyeusi iko juu ya kiti katikati yao, na Shukur akatoa kitambulisho chake mfukoni, akakisukuma sakafuni mpaka kwenye goti la kaka yake, pamoja na tikiti.

"Nenda wewe."

"Nini?"

"Sisi ni uso mmoja. Hao askari wakituangalia wanaona macho membamba tu, hawaoni mtu. Nenda kamzike. Mimi nimekuwa naye umri wote, nimekula mkono wake kila siku. Wewe umempata siku ngapi?"

"Nikikamatwa?"

"Hutakamatwa. Funga mdomo tu, Kihindi chako kinanuka Lahore."

Nargis alikuwa mlangoni. Alisikia yote, na hakusema nenda wala usiende. Rozi alikichukua kitambulisho. Usiku ule alikishika mkononi, akajifunza tarehe ya kuzaliwa ya mdogo wake, akajifunza jina la mwenyekiti wa kijiji, akajifunza kuwa Shukur.

Alfajiri waliandamana na jeneza hadi uwanjani. Shukur akabaki nje kwenye teksi. Rozi akaingia kwenye foleni, akiwa na tikiti na ile sura ya ndugu yake. Mbele yake walikuwa watu wanne, kisha watatu. Askari wa mlangoni alikuwa kijana, anaangalia kadi, anaangalia uso, anarudisha. Rozi aliniambia kwamba wakati ule aliona kila kitu kitafaulu. Hakuwa na hofu kwa nafsi yake hata chembe. Ila alimwona Nargis pembeni, amesimama na begi la vitabu, kwa sababu baadaye alikuwa anakwenda darasani. Akafikiri: nikijulikana, mimi watanifunga, sawa. Shukur watamfunga. Na huyu mtoto wataandika kwamba alimwingiza mtu wa Pakistani katika eneo la jeshi, na hatakuwa muuguzi, na hatakuwa kitu chochote tena. Watu wawili walibaki mbele yake. Akatoka kwenye foleni.

Alikwenda mpaka kwenye teksi, akamrudishia Shukur kitambulisho. Shukur alimtukana. Alimwita mwoga, akamwambia mama angemwonea haya. Hiyo ndiyo ilikuwa kauli ya mwisho kati yao uso kwa uso, kwa sababu ndege ilikuwa imekaribia na ilibidi Shukur akimbie.

Rozi akazunguka upande wa mizigo. Kwa bahati, au kwa kuwa wabebaji ni watu wale wale dunia nzima, walimwacha asogee. Jeneza lilikuwa sakafuni karibu na mizani, limefungwa kwa gunia na kubandikwa karatasi. Vijana wawili walikuja kulinyanyua. Rozi akamwambia mmoja wao, kwa Kihindi chake kinachonuka Lahore, kwamba huyu ni mama yake na kazi hii ni kazi yake. Yule kijana alimtazama mikono, akapisha. Rozi akainama, akaingiza vidole chini ya ubao, akanyanyua kwa miguu si kwa mgongo, akamweka mama kwenye mizani, kisha kwenye mkokoteni. Akasema alikuwa mwepesi kuliko masanduku ya watalii. Mkokoteni ukavutwa, ukapita mlango wa plastiki, basi.

Walimzika Gonyul siku ya pili, jirani na mumewe. Nargis alimletea habari. Rozi alikuwa na siku nyingi zilizobaki kwenye viza lakini alipanda basi la kwanza. Alipofika Islamabad anga lilikuwa safi, na kiti chake cha bure kilikuwa bado kinamngoja. Hakukitaka. Alikuja kwa barabara.

Sikumtambua alipoingia getini. Alirudi kazini siku iliyofuata, tukashika masanduku kama zamani, lakini kulikuwa na kitu kimoja: ndege ilipoleta maiti, maana watu wetu wengi hufia Karachi na Lahore na huletwa nyumbani kuzikwa, hakukubali mtu mwingine ashike upande wa kichwani. Kaniz alisema usiku anaongea. Shukur alimpigia simu mara moja, kupitia kwa Nargis, mwaka mzima ulipopita, akamwomba radhi. Rozi akasema hakuna radhi ya kuomba, na kwamba hata yeye mwenyewe hajui kama haukuwa woga. Shukur akaomba viza ya kuja kwetu. Hajajibiwa mpaka leo. Nargis alihitimu, sasa ni muuguzi Leh, na mara moja kwa mwaka akishuka Delhi humpigia Kaniz.

Rozi alifariki Januari, kifua. Aliugua siku chache tu. Mwanawe wa kiume, Sadiq, alikuwa Karachi kiwandani, akapata habari asubuhi ile ile na kwa saa mbili akawa Islamabad. Hapo akakwama. Mawingu yalikuwa yamefunga bonde, na barabara ilikuwa imekatwa na maporomoko chini ya mlima. Tulimngoja siku moja. Siku ya pili shehe akasema maiti haingojeshwi, tukamzika huku theluji inaanguka ndani ya kaburi.

Sadiq aliingia mjini siku ya tano, amepanda lori la jeshi, nusu ya njia ametembea kwa miguu juu ya vifusi. Nilikwenda kumpokea mimi. Hakulia. Aliomba kwanza aonyeshwe mahali, nikampeleka, akasimama kwenye theluji na viatu vyake vya mjini, kisha akaniuliza nani aliyemwosha baba yake.

Nikamwambia ni mimi.